Fitingi ya tenki inavuja kila nikiifunga, ndege ya kujijengea mnatumia dawa gani ya tredi?

NjiroHanga:
Wakuu habari za jioni, wakubwa wote shikamooni. Nipo Arusha, Njiro, najenga ndege ya viti viwili ya kiti (yaani seti ya vipande vya kujiunganishia) kutoka Marekani, bodi aluminium, mbawa juu, injini Rotax 912. Huu mwaka wa nne naifanyia kazi gereji nyuma ya nyumba, jioni nikitoka kazini na wikendi. Bawa la kulia limeisha na tenki lipo ndani, sasa nimefika kwenye mabomba ya mafuta na hapo ndo nimekwama wiki ya pili hii.

Iko hivi, chini ya tenki kuna bosi ya aluminium (kile kitako chenye tundu la kufungia fitingi) ina tredi, yaani meno, za ndani za robo inchi, mafuta yanatokea hapo. Elbo iliyokuja na kiti niliidondosha sakafuni meno ya mwanzo yakaumia, nikaona kusubiri nyingine itoke Marekani ni mwezi mzima, nikashuka mjini duka la vifaa vya mabomba nikanunua elbo ya brasi ya robo inchi, nzito nzuri. Nikazungusha tepu nyeupe raundi tano, nikafunga, nikamimina lita tano za petroli. Dakika nne hazijaisha naona tone linajikusanya chini ya elbo, linanenepa taratibu linadondoka, na lingine linaanza. Nikafungua nikasafisha nikaongeza tepu, usiku ikakaa kavu nikalala na furaha, asubuhi nafungua mlango gereji nzima inanuka petroli na chini ya elbo kuna unyevu. Mara ya tatu nikapaka juu ya tepu ile dawa ya kopo wanayotumia mafundi bomba, bado inatoa jasho.

Sitaki kubahatisha hapa maana nitakaa chini ya hilo tenki mimi na mke wangu. Wenye uzoefu mnatumia dawa gani?

RauRiver:
Mkuu mi ni fundi bomba hapa Moshi mwaka wa 12 sasa, ndege sizijui ila kuvuja nakujua. Kwa maji tunapiga katani na rangi haivuji hata ukiipiga nyundo. Kuna na tepu ya njano ya gesi, nene kuliko hiyo nyeupe, jaribu hiyo. Na hakikisha unazungusha kufuata upande wa kufungia, wengi wanakosea hapo tepu inajikunja na kutoka.

Spana_Kisongo:
Marahaba chalii yangu. Hongera kwa miaka minne, wengi wanaishia kwenye mkia. Mi nimefanya kazi na ndege ndogo hapa Kisongo toka nikiwa kijana, ngoja nikuambie kabla hujanunua kitu kingine.

Fundi wa Moshi amesema kweli kwa maji, na la upande wa kuzungusha ni kweli popote. Ila tepu itoe kwenye mafuta. Ukifunga fitingi meno yanaikata ile tepu vipande vyembamba kama nyuzi, vingine vinabaki mdomoni mwa fitingi kwa ndani. Na siku ukifungua ukarudishia, vile vilivyobaki kwenye meno ya jike vinasukumwa mbele vyote. Vinasafiri na mafuta. Chujio litashika vingine, ila kipande kilichozaliwa baada ya chujio hakina wa kukishika mpaka kabureta. Rotax yako ina kabureta mbili za Bing, jeti ya sailensa (ya injini ikizunguka polepole) tundu lake halifiki hata nusu milimita. Nilishafungua bakuli la kabureta la ndege moja iliyokuwa inakohoa ikiwa chini tu, nikakuta uzi mweupe umejikunja pale kwenye jeti, urefu kama punje ya mchele. Ilikuwa chini, tunamshukuru Mungu.

Sasa uelewe tredi zenyewe zinafanya nini. Za ndege hizo za bomba ni za tapa, zinasinyaa inchi moja kwa kila inchi 16 za urefu, kwahiyo dume likiingia linabana kama kabari. Chuma kwa chuma ndo kinachoshika. Ila kwenye ncha ya kila jino na chini bondeni kunabaki kanjia kembamba kanazunguka kama ngazi za mnara mpaka nje. Dawa inaziba hako kanjia, na inalainisha ili aluminium isigugunane na aluminium. Basi, kazi yake inaishia hapo. Ukiona fitingi imekataa dawa tatu, mi naanza kuiangalia fitingi.

Dawa tunazotumia: Loctite 567 au 565, hizo ni za kukauka, zinakauka zikikosa hewa huku zimegusa metali. Permatex Aviation namba 3, ile ya kahawia yenye brashi kwenye kifuniko, haikauki ikawa ngumu, inavumilia petroli na oili. Na kuna grisi ya Fuel Lube ambayo siku hizi inauzwa kwa jina la EZ Turn, nzito inanata kama ulimbo, petroli haiiyeyushi, nzuri kwa fitingi unayojua utaifungua tena.

NjiroHanga:
Mzee wangu asante sana. Huo uzi wa mchele umenitisha, kesho natoa kila kitu nasafisha na brashi ya waya laini. Kuhusu Loctite nimesoma mahali kwamba kwenye aluminium haikauki vizuri, ni kweli? Maana bosi yangu ni aluminium na tenki ni aluminium.

Spana_Kisongo:
Inakauka ila inachelewa. Brasi na chuma cha kawaida vinaiamsha haraka, aluminium na stenlesi zinaichelewesha. We ipe siku nzima, na kama gereji ina baridi kama hii ya Julai ipe siku tatu, haikudai kitu. Ila usiipake kwenye plastiki, kama una kioo cha chujio cha policabonati au akriliki hiyo dawa inakipasua nyufa ndogondogo, huzioni siku ya kwanza.

PikipikiToAnga:
Kwani silikoni ile ya tyubu nyekundu ya gasketi haifai? Mi kwenye pikipiki naipaka kila mahali.

Spana_Kisongo:
Kwenye petroli hapana kabisa kijana. Inavimba inalainika kama jeli alafu inamegeka, na vipande vinaenda kule kule kwa kabureta. Kwenye gasketi ya oili ina nafasi yake, kwenye njia ya mafuta haina.

KerezoMeru:
Kaka NjiroHanga samahani kwa kuingilia, mi nafanya kazi ya kerezo hapa Unga Limited, nachonga fitingi za aina zote, za magari, mashine za kusaga, pampu za kumwagilia. Nimesoma maelezo yako mara mbili kuna neno moja limenishika, umesema ulinunua elbo duka la mabomba. Naomba unijibu vitu viwili. Ukiifunga kavu bila dawa, kwa mkono tu, inaingia raundi ngapi kabla ya kugoma? Na inapogoma, inagoma taratibu kama inabanwa au inagoma ghafla?

NjiroHanga:
Dada asante, nimetoka gereji sasa hivi kuangalia. Kwa mkono inaingia kama raundi tatu na nusu, mwanzo iko huru kidogo hata inacheza ukiitikisa, alafu inagoma ghafla. Ile ya zamani iliyoumia meno, nikiijaribu kwenye fitingi nyingine ya kiti, inabana taratibu.

KerezoMeru:
Basi kaka nadhani tumempata. Hiyo elbo yako ni BSP, na bosi ya tenki ni NPT. Mabomba yetu yote ya maji hapa nchini ni ya Kiingereza, BSP. Kiti yako imetoka Marekani, wao wanatumia NPT. Zote mbili mtu ataziita robo inchi na wala hajakudanganya.

Robo ya NPT ina meno 18 kwa inchi, robo ya BSP ina 19. Pembe ya jino la NPT ni digrii 60, ya BSP ni 55. Unene wa nje wa dume la NPT ni kama milimita 13.7 na la BSP ni kama 13.2, ndo maana yako inacheza mwanzoni. Inaingia kwa sababu tofauti ya jino moja ni ndogo sana, inajikusanya jino kwa jino mpaka meno yanapandana na hapo ndo inagoma ghafla. Kwahiyo umefunga kitu kinachoshika kwenye meno mawili matatu tu, na upande mmoja wa jino tu, kanjia alikosema mzee hapo juu kwako ni barabara. Hakuna dawa inayoziba hiyo na hata ikiziba haishiki, injini inatetemeka.

Fanya hivi usiniamini kwa maneno. Chukua ile elbo ya zamani na hii mpya, zigusanishe meno kwa meno, ubavu kwa ubavu, alafu zinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Kama ni sawa meno yataingiliana yote na hutaona mwanga. Kama sio sawa utaona yameingiliana mwanzo alafu yanaanza kupishana, ukifika jino la saba la nane mwanga unapita kabisa.

NjiroHanga:
Dada. Nimefanya sasa hivi na tochi ya simu kwa sababu ni usiku. Jino la kwanza mpaka la nne yamelala vizuri, la tano unaona kamstari ka mwanga, la saba ncha imekaa juu ya ncha. Nimekaa chini. Wiki mbili nabadilisha dawa kumbe fitingi sio ya pale.

Nina swali, je, bosi ya tenki nitakuwa nimeiharibu? Niliikaza sana ile mara ya tatu.

KerezoMeru:
Pole kaka. Brasi kwenye aluminium, aluminium ndo laini, kwahiyo angalia ndani kwa kioo na mwanga. Kama ncha za meno zimesagika raundi mbili za mwanzo lakini ndani zipo nzima, unaweza kupitisha tepi (kile chuma cha kuchongea tredi za ndani) ya NPT ya meno 18, kwa mkono, na grisi nzito kwenye makorongo yake ili vumbi la chuma linate pale lisidondoke kwenye tenki. Usiizamishe sana. Tepi ya tapa kila inavyozama inapanua, ukizidisha fitingi itaingia mpaka mwisho bila kubana. Raundi moja, toa, safisha, jaribu fitingi. Tepi ninayo, njoo na bawa au mi nije, Njiro sio mbali.

Na nikuongezee, hizo 18 na 19 angalau zinakugomea. Nusu inchi na robo tatu ni hatari zaidi, pale NPT na BSP zote zina meno 14, zinaingia vizuri kabisa mpaka mwisho, kinachotofautiana ni pembe na unene. Mtu anafunga anafurahi. Na sensa za presha ya oili, za Toyota nyingi zina tredi ya Kiingereza ya moja ya nane yenye meno 28, ya Marekani ina 27, na kuna za Ulaya za M10 kwa 1 nazo zinafanana nazo kwa macho. Kila sensa iliyotoka duka la spea ipime na kipimo cha tredi, zile blade zenye meno kama msumeno, bei yake ni ndogo.

RauRiver:
Miaka yote hii nimefunga BSP sijawahi kujua kuna nyingine. Kuna hoteli moja huku tulihangaika na boila iliyotoka Marekani, tulitia katani mpaka ikaisha. Dada asante, umenijibu swali la muda mrefu.

Ughaibuni_Pilot:
Wakuu salamu, nipo Uingereza ila nyumbani Moshi. Mimi kwenye ndege yangu nimetumia tepu miaka 15 haijawahi kunisumbua, naacha meno mawili ya mbele wazi tepu haifiki ndani. Naona mnaitisha watu bure.

Spana_Kisongo:
Mwanangu sikupingi, mtu mwangalifu anayeacha meno mawili wazi na kusafisha jike vizuri kila akifungua anaweza kumaliza maisha yake salama. Ninachojali ni anayekuja baada yako. Ndege itauzwa, fundi mwingine atafungua ile fitingi saa kumi jioni ana haraka, hatajua ulivyokuwa unafanya. Dawa ya kupaka nayo acha meno mawili ya mbele, lakini ukikosea kidogo inabaki unga au ute, haibaki utepe mrefu.

Ughaibuni_Pilot:
Hapo mzee umenigusa, mnunuzi wa ndege yangu ya kwanza sikumwambia chochote. Nimekuelewa.

PikipikiToAnga:
Na breki? Breki nazo ni tredi za tapa, naweza kutumia hiyo 567 moja kote?

Spana_Kisongo:
Ndio, kwenye kalipa na silinda inatumika, kidogo sana, matundu ya breki ni madogo. Ila kwenye breki kuna kosa kubwa kuliko dawa. Breki za ndege ndogo nyingi zinatumia oili nyekundu ya madini, MIL-H-5606, na oringi zake ni za mpira wa naitraili. Mtu akiishiwa anakimbilia duka la spea anaweka DOT 3 ya gari. Oringi zinavimba zinaoza, breki zinashika zenyewe au zinapotea. Andika kwenye kifuniko cha tenki ya breki kwa rangi, oili gani.

NjiroHanga turudi kwako. Ukipata elbo sahihi, safisha dume na jike kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Paka dume tu, acha meno mawili ya mbele makavu, jike usiliguse. Funga kwa mkono mpaka igome, alafu spana raundi moja mpaka mbili, na uipangie mapema uelekeo wa elbo maana hairudishwi nyuma. Ukipitiliza ukairudisha robo raundi ili ikae sawa umevunja sili, fungua uanze upya.

Na upande wa pili wa hiyo elbo, unapokaa mpira au bomba la aluminium, ile koni ya AN (fitingi za kiwango cha ndege cha Marekani) ya digrii 37, pale hapaki mtu dawa yoyote. Sio Loctite, sio grisi kwenye uso wa koni. Pale koni inakaa kwenye flea (mdomo wa bomba uliopanuliwa) chuma kwa chuma na hiyo ndo sili yake, ukipaka unaficha ufa. Tone la oili kwenye meno ya nati linatosha. Bomba la aluminium la inchi 3/8 nati yake ni inchi-paundi 75 mpaka 125, kama Nm 8.5 mpaka 14, watu wanaikaza kama nati ya tairi flea inapasuka. Alafu kifaa cha kuflea usiazime kwa fundi friji, chao ni digrii 45, ukiangalia kwa macho utasema ni sawa.

NjiroHanga:
Mzee cha kuflea nilikuwa naenda kuazima kwa jirani yangu fundi friji. Kweli kabisa. Nimeagiza cha 37 pamoja na elbo mbili na kipimo cha tredi.

Tenki nalipimaje kabla sijamimina petroli tena? Nina kompresa.

KerezoMeru:
Kompresa iache hapo hapo kaka, tenki la bati jembamba linatuna sekunde moja tu na hutaweza kulirudisha. Nunua duka la dawa kile kifaa cha kupimia presha ya damu, cha kupampu kwa mkono. Ziba mdomo wa tenki, ziba elbo na kifuniko chake cha AN, mpira wa kifaa uunge kwenye bomba la kupumulia. Pampu taratibu, sindano ikifika 50 acha, hapo ni kama psi moja. Alafu povu la sabuni kwa brashi kila kiungo. Fanya alfajiri kabla jua halijapiga bati, joto likipanda digrii moja tu hewa ya ndani inapandisha sindano kama milimita mbili, tundu dogo linajificha.

Spana_Kisongo:
Hiyo nzuri sana dada, naichukua. Niongeze kwa wenye mbawa chini, kwenu pampu inavuta mafuta kupandisha, kwahiyo fitingi mbovu upande wa kuvuta haidondoshi tone, inavuta hewa. Chini pakavu kabisa na injini inakohoa angani. Kwenu kipimo hiki ni cha lazima, macho hayatoshi.

NjiroHanga:
Wakuu narudi na majibu baada ya wiki tano. Elbo zilifika. Dada KerezoMeru alikuja mwenyewe na tepi yake, akapitisha raundi moja na nusu, grisi ikatoka imejaa unga wa aluminium kama majivu, ndani ya tenki hakikudondoka kitu tuliangalia na kamera ya waya. Elbo mpya kwa mkono imebana taratibu, mnajua ile hali unasikia kwenye vidole inakaza kidogo kidogo, nilikuwa sijawahi kuisikia kwenye ile nyingine. Nikapaka 567, meno mawili wazi, raundi moja na robo kwa spana ikaangalia pale pale nilipotaka. Nikaipa siku tatu.

Jana saa kumi na mbili asubuhi nimepampu mpaka 50. Povu elbo yote, hakuna hata kipovu. Dakika ishirini sindano haijasogea. Saa mbili jua limeshika bawa sindano ikawa 58, nikacheka peke yangu maana niliambiwa. Leo lita ishirini za petroli zipo ndani toka asubuhi, nimezungushia elbo karatasi nyeupe ya tishu, kavu.

Kipimo cha tredi kilipofika nilipitia kila fitingi niliyowahi kununua mjini. Nimekuta nyingine mbili. Adapta moja ya chujio, na sensa ya presha ya oili ambayo ilikuwa tayari imefungwa, meno 28 kwenye tundu la 27, imekaa hapo toka mwaka jana na nilishaiwekea alama nyekundu ya kwamba imekamilika. Nimezitoa, nimefuta alama kwenye daftari, na elbo ya brasi nimeibana kwenye jiliwa nikaikata katikati kwa msumeno ili isirudi kwenye boksi la spea.